Vijana wa ukanda wa dhahabu wanavyochagua uhandisi gizani

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KILA mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, maduka ya steshenari katika miji ya Kahama, Shinyanga na Geita hujaa vijana. Wengine huja na wazazi, wengine huja peke yao wakiwa na simu mkononi na namba ya mtihani iliyoandikwa kwenye karatasi. Wote wanataka kitu kimoja, nacho ni kuombewa chuo.

Anayeketi mbele ya kompyuta si mwalimu wala mhandisi. Ni kijana mwenzao anayejua kuchapa haraka, na hulipwa kwa kila ombi analolituma. Akiulizwa kozi ipi ni nzuri, hujibu kwa nia njema kile alichokisikia kwa mteja aliyetangulia. Kwa namna hiyo, uamuzi wa miaka minne ya masomo, pamoja na mkopo ambao baadaye utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu hadi uishe, hufanyika katika robo saa, na mara nyingi foleni ikiwa bado ni ndefu nyuma.

Jambo hili lipo nchi nzima. Hata hivyo, katika ukanda huu lina uchungu wake wa pekee, kwa sababu pengine hakuna eneo jingine la mashambani hapa nchini ambako mtoto hulala na kuamka katikati ya kazi za wahandisi kama hapa.

Almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa Geita (GGM) ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata. Maji ya Ziwa Victoria yaliletwa hadi Shinyanga na Kahama kwa mradi mkubwa wa bomba uliozinduliwa mwaka 2009. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga limepangiwa kupita katika mikoa hii yote miwili. Reli ya kisasa kutoka Mwanza imeelekezwa Isaka. Na tangu Juni 2025, msafiri wa Geita kwenda Mwanza havuki tena kwa kivuko pale Busisi, bali hupita juu ya daraja lenye urefu wa takriban kilomita tatu.

Pamoja na hayo yote, vyuo vyenye historia ndefu ya kufundisha uhandisi viko Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Arusha. Chuo kikuu kinachofahamika zaidi mkoani Shinyanga, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi lililopo Kizumbi, kinajulikana kwa ushirika na biashara. Mwanafunzi wa Mbogwe au Ushetu anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuwahi kukanyaga karakana ya uhandisi wala kuzungumza na mhandisi aliyesajiliwa, ingawa magari ya wahandisi hao humpita barabarani kila asubuhi.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya mwaka 1970, wakati Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipokuwa kikihudumia nchi tatu, Mtanzania aliyetaka uhandisi alipelekwa Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973. Katika miaka hiyo Serikali ndiyo iliyokuwa mlipaji na pia mwajiri. Mipango ya nguvukazi ilieleza nchi inahitaji wahandisi wangapi na wa aina gani, na nafasi ziligawanywa kwa kuangalia mipango hiyo. Hakuna sababu ya kuutamani sana utaratibu ule, kwani kijana hakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua. Lakini alipopanda treni kwenda chuoni, angalau kulikuwa na mtu serikalini aliyekuwa ameshafikiri atafanya kazi wapi.

Mtu huyo hayupo tena, na nafasi yake haikujazwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ikiwa msimamizi wa ubora na udahili. Mwaka 2010 ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji alijaza fomu moja na kupanga kozi kwa kadiri ya mapenzi yake, kisha kompyuta ikampangia. Mfumo huo ulilalamikiwa sana, na mwaka 2017 maombi yakarudishwa moja kwa moja vyuoni. Tangu hapo kila chuo kina tovuti yake na tarehe zake ndani ya dirisha la TCU, na kila ombi lina ada yake.

Uhuru huo ni mzuri kwa mwenye taarifa. Kwa asiye nazo, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni kweli kwamba TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Kitabu hicho kinasema kozi gani inatolewa wapi, inachukua miaka mingapi na inahitaji ufaulu gani. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kina kurasa nyingi, na hukaa kwenye intaneti. Kinachokosekana ndani yake si kosa la walioandika, maana hawakukusudia kukiweka: hakisemi mhitimu wa kozi hiyo huamka asubuhi akafanya kazi gani.

Lakini kosa kubwa zaidi huwa limeshatendeka miaka miwili kabla ya siku ya steshenari, katika kuchagua tahasusi.

Ili kudahiliwa katika shahada nyingi za uhandisi, mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu Fizikia na Hisabati ya Juu katika kiwango cha alama kuu. Sharti la chini la TCU ni jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili yanayohusika, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, na vyuo huweza kuweka masharti ya juu zaidi. Maana yake ni kwamba mlango wa uhandisi uko wazi hasa kwa aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM), au Fizikia, Jiografia na Hisabati (PGM). Aliyekwenda Fizikia, Kemia na Biolojia kwa sababu familia ilitamani daktari, akasoma hisabati ile nyepesi ya nyongeza, anagundua Julai ya mwaka wa pili kwamba hata ufaulu wa daraja la kwanza haumpeleki kwenye programu nyingi za uhandisi.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 49 mpya na kuifanya idadi yake kufikia 65. Wigo umepanuka, na hilo ni jema. Ila mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kata ni yule yule, mwenye vipindi vyake vya kufundisha na madaftari yake ya kusahihisha, na sasa anapaswa kueleza njia 65 badala ya chache alizozizoea.

Kisha kuna Hisabati yenyewe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne nchini ndiye aliyefaulu somo hilo. Hao ndio chimbuko la wahandisi wote wa taifa. Inapokuwa hivyo, kumpoteza hata mmoja aliyefaulu Hisabati kwa sababu tu hakuna aliyemweleza tofauti ya tahasusi mbili ni hasara isiyo na sababu.

Tuseme sasa kijana amevuka hapo, ana PCM yake na pointi za kutosha. Je, anaomba uhandisi upi?

Swali hili ndilo kiini cha tatizo. Ukanda wa dhahabu una imani iliyoenea kwamba kozi ya madini ni kozi moja. Sivyo. Mwanajiolojia hutafuta mwamba wenye dhahabu, husoma sampuli na kukadiria kiasi kilichopo. Huyu ni mwanasayansi na shahada yake si ya uhandisi. Mhandisi wa migodi hupanga namna ya kuufikia mwamba huo: njia, milipuko, hewa, maji ya chini ya ardhi, na kuta zisizoporomoka juu ya watu. Mhandisi wa uchenjuaji hupokea jiwe likiwa juu na kutoa dhahabu ndani yake. Hao watatu huonekana kwenye geti moja wakiwa na kofia ngumu zinazofanana, lakini walisoma vitu tofauti, na aliyeingia katika mlango mmoja hahamii mwingine kwa urahisi.

Kinachosikitisha ni kwamba vijana wengi wa huku tayari wanaujua uchenjuaji kwa macho. Katika maeneo kama Lwamgasa na Nyarugusu wameona jiwe likitolewa kwenye duara, likivunjwa kwenye karasha, likisagwa na kupitishwa kwenye mialo. Wameona mabaki yake, ambayo wenyewe huyaita marudio, yakipelekwa kwenye vati ili sayanaidi imalizie kutoa dhahabu iliyosalia, na kaboni ikiinasa dhahabu hiyo. Mlolongo huo, kwa hesabu zake na kemia yake, ndio unaofundishwa katika shahada ya uhandisi wa uchenjuaji madini katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mtoto wa mmiliki wa vati anaweza kuipita kozi hiyo kwenye orodha bila kujua kwamba ndiyo kazi ya baba yake, kwa sababu jina lake la Kiingereza halimwambii lolote.

Serikali yenyewe imeonyesha kwamba elimu hiyo haihitajiki kwenye migodi mikubwa pekee. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lilijenga vituo vya mfano vya uchenjuaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo huko Lwamgasa, na Katente wilayani Bukombe. Vituo kama hivyo vinahitaji wahandisi wanaomwelewa mchimbaji mdogo. Nani anamwelewa kuliko aliyekulia kwenye duara?

Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaokimbilia madini kwa kuwa tu mgodi uko jirani. Mgodi wa Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukafikia ukomo wake mwaka 2021. Mtoto wa Kahama aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 2009, asiporudia darasa hata mara moja, alifanya mtihani wa kidato cha sita mwaka 2022. Mgodi aliokua akiuona kama ajira yake ya baadaye ulikuwa umeshafungwa mwaka mmoja nyuma. Angeingia chuoni mwaka huo, angehitimu mwaka 2026.

Hesabu hiyo ndogo haifanywi pale steshenari. Mgodi una umri, na umri huo hujulikana mapema kwa wataalamu, kwani mpango wa kufunga mgodi ni sehemu ya masharti ya leseni yake. Mshauri mwenye taarifa angemweleza kijana kwamba uhandisi wa migodi ni fani nzuri kwa aliye tayari kuhamahama, na kwamba Nyanzaga wilayani Sengerema ni mgodi ambao uamuzi wa kuujenga ulipitishwa mwaka 2025. Angemweleza pia kwamba migodi hiyo hiyo huajiri wahandisi wa umeme na wa mitambo, ambao mgodi ukifungwa huweza kwenda kiwandani, kwenye reli au kwenye mamlaka ya maji.

Somo kama hilo lilishapatikana kusini mwa nchi. Baada ya gesi asilia kugunduliwa kwa wingi baharini kuanzia mwaka 2010, uhandisi wa petroli uligeuka kuwa kozi ya ndoto. Mradi mkubwa wa kusindika gesi huko Lindi, uliotarajiwa kuwaajiri, ukakaa kwenye meza ya majadiliano kwa zaidi ya mwongo mmoja. Waliosoma hawakukosea kusoma. Walikosea kuamini kwamba ugunduzi na ajira huja mwaka mmoja.

Wakati huo huo, kuna kozi ambazo ukanda huu ungepaswa kuzigombania na karibu hazitajwi. Shinyanga ni nchi ya pamba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa nguo. Ni nchi ya ukame, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kinafundisha uhandisi wa kilimo pamoja na ule wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Kozi hizi hazina mng'aro wa dhahabu, na huenda ndiyo sababu hazisikiki.

Zipo pia ajali za njiani. Vijana wanaohitimu kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, na muda wa kambi huelekea kugongana na msimu wa maombi. Kaka au shangazi huombwa amjazie fomu aliyeko kambini. Baada ya hapo, aliyepata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku zilizotajwa. Simu iliyosajiliwa ikiwa ni ya mwenye steshenari, namba hiyo humfikia mwenye steshenari.

Kwa anayeogopa njia ya kidato cha sita, ipo njia ya stashahada katika vyuo vya ufundi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha, ambayo humwezesha mhitimu mwenye wastani usiopungua 3.0 kuomba shahada. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini humpa mtu ujuzi wa mikono kabla ya nadharia. Wazazi wengi huiona kama adhabu ya aliyefeli. Wahandisi wengi wazuri wa nchi hii walipitia huko.

Ingedhaniwa kwamba kijana akishafika chuoni matatizo ya ushauri yanakwisha, kwa kuwa sasa yuko miongoni mwa maprofesa. Kwa kweli ndipo yanapobadilika sura.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujisajili mara mbili, na wengi hudhani ni mara moja. Kwanza husajiliwa kama mwanafunzi: analipa ada, anapewa namba na kitambulisho. Kisha anatakiwa kusajili kozi za muhula katika mfumo wa kompyuta, kama ule wa ARIS wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akichagua zile za lazima na zile za hiari. Kozi ambayo haikusajiliwa haihesabiwi, hata kama mwanafunzi alihudhuria vipindi vyote na kukaa mstari wa mbele.

Kila mwaka wa masomo hubeba wastani wa krediti 120, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ikijumuisha darasa, maabara na kujisomea. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Shahada ya uhandisi ya miaka minne hujengwa kwa ngazi: hisabati ya mwaka wa kwanza ndiyo inayobeba mekanika ya mwaka wa pili, nayo mekanika hubeba usanifu wa mwaka wa tatu. Anayefeli kozi ya chini hurudia mtihani, yaani "sapu". Akishindwa tena huibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata, ambako ratiba yake huweza kugongana na za mwaka mpya. Akizidiwa, "anadisko".

Hapa ndipo fedha inapoingia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005, huendelea kumkopesha mwanafunzi aliyefaulu kuingia mwaka unaofuata. Anayerudia mwaka hujikuta hana fedha ya chakula, na anayehama kozi lazima ahakikishe mkopo wake nao umehama. Kwa mtoto wa mkulima wa Kishapu, kosa la kusajili kozi nzito kupita uwezo wake katika muhula mmoja linaweza kuwa mwisho wa safari.

Vyuo havikosi kanuni za jambo hili. Kwa kawaida mwanafunzi hupangiwa mhadhiri wa kumshauri kuhusu masomo, na jina huandikwa kwenye orodha ya idara. Tatizo ni kwamba mhadhiri huyo ana madarasa makubwa, tafiti, na wanafunzi wengine kadhaa kwenye orodha hiyo hiyo. Mwanafunzi naye, aliyefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kuitwa ofisini ni dalili ya kosa, haendi mpaka matokeo yametoka.

Lugha nayo imechangia mkanganyiko. Katika vyuo vyetu cheo cha Mshauri wa Wanafunzi ni cha ofisi inayoshughulikia malazi, nidhamu, afya na serikali ya wanafunzi. Mgeni kutoka Nyang'hwale akisikia neno "mshauri" huelekea kwenye ofisi hiyo, akakuta foleni ya wanaotafuta chumba, na kurudi bila kuuliza kuhusu kozi. Mshauri wa masomo anayemhitaji yuko ghorofa nyingine, na mlangoni pake pameandikwa jina tu.

Palipokuwa na nia, mambo yalibadilika. Katika miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mafunzo maalumu ya maandalizi kwa wasichana kabla ya kuanza masomo ya uhandisi, ili wanaoingia wawe na msingi na wajue wanakokwenda. Leo Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu, iliyojengwa mjini Geita kwa msaada wa GGM, ina wasichana wanaosoma sayansi umbali mfupi kutoka mgodini. Wanachohitaji si hotuba ya siku ya mahafali, bali mtu wa kukaa nao na orodha ya kozi mkononi.

Mafunzo kwa vitendo ni eneo jingine ambalo kijana wa ukanda huu ana faida na hajui. Mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam hufanya mafunzo hayo mara tatu kabla ya kuhitimu, kwa wiki nane kila mara. Aliyetoka Geita au Kahama angeweza kuyafanya akilala nyumbani, kwenye mgodi, mamlaka ya maji, TANESCO au kwa mkandarasi wa barabara. Lakini nafasi hizo huombwa mapema, kwa barua, na ofisi hupokea maombi kutoka kila kona ya nchi. Anayesubiri kufunga chuo ndipo aanze kuzunguka hukuta zimejaa.

Na baada ya shahada, safari haijaisha. Kwa sheria ya mwaka 1997, mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Mhitimu hupitia kwanza mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, mpango ulioanza mwaka 2003 na unaojulikana kwa kifupi chake, SEAP. Swali la kwanza ambalo mwombaji wa chuo angepaswa kuuliza, kabla hata ya ada, ni kama ERB inaitambua shahada anayoitaka.

Majirani zetu wa Kenya waliliuliza swali hilo wakiwa wamechelewa. Wahitimu zaidi ya 100 waliosoma uhandisi katika vyuo vikuu vya umma walikataliwa usajili kwa maelezo kwamba programu zao hazikuwa zimeidhinishwa na bodi ya wahandisi. Kesi yao ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2018. Miaka hiyo yote ya mabishano ilikuwa miaka ya ujana wao.

Nani basi alipe gharama ya ushauri? Jibu jepesi ni Serikali, na ni kweli ina wajibu. Lakini katika mikoa hii kuna mlipaji mwingine ambaye sheria tayari imemtaja.

Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinazitaka kampuni kuwa na mpango wa kuajiri na kufundisha wazawa, ukiwamo mpango wa Watanzania kurithi nafasi zinazoshikwa na wageni. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, katika kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii kwa kukubaliana na halmashauri.

Kampuni hazijakaa kimya katika mafunzo. Zilishirikiana na VETA kuanzisha mafunzo ya mafundi wa migodi katika chuo cha Moshi, na mwaka 2024 Barrick ilizindua chuo chake cha mafunzo katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mafundi wa Moshi si wahandisi wa shahada, na chuo cha Buzwagi kimelenga wasimamizi ambao tayari wako kazini. Kijana mwenye PCM yake mkononi hayumo katika mpango wowote kati ya hiyo.

Fedha za kifungu cha 105, kwa upande wake, zimezoea kwenda kwenye madarasa, zahanati, madawati na barabara. Hayo yote yanahitajika, na diwani anaweza kuyaonyesha kwa wapiga kura. Mshahara wa mtu anayezunguka shule za sekondari akieleza tofauti ya jiolojia na uchenjuaji hauwezi kuwekewa jiwe la msingi.

Hata hivyo gharama yake si kubwa, kwa sababu watu wa kufanya kazi hiyo tayari wapo. Wahitimu walio kwenye SEAP katika migodi, mamlaka za maji, TANROADS na TANESCO wangeweza kupangiwa siku moja kwa mwezi katika shule za jirani, na ERB ikaihesabu siku hiyo katika taarifa zao za mafunzo. Hawa walijaza fomu hizo hizo miaka michache iliyopita. Wanajua kozi ipi iliwatoa jasho, mshauri yupi alikuwepo ofisini, na barua ya mafunzo kwa vitendo huandikwa lini. Wangeeleza kwa Kiswahili, na kwa wazazi wengine kwa Kisukuma, jambo ambalo mwongozo wa TCU haliwezi.

Halmashauri za Geita na Kahama zingeweza kuanza bila kusubiri waraka kutoka Dodoma, kwa kuingiza kipengele kimoja katika mpango wa mwaka ujao wanapoketi na kampuni. Muda wa kuanza si Julai, wakati foleni imeshafika barabarani. Wanafunzi wa kidato cha nne huko Nyang'hwale, Mbogwe na Msalala huandika tahasusi wanazozitaka wakiwa bado shuleni, kabla hawajafanya hata karatasi moja ya mtihani wa Novemba.